Kofia ya Chuma, Kanuni ya Tisa

Kibondo,
Jumapili, 9 Februari 2014

Kwa Mheshimiwa Mwamuzi, Mwalimu Lusajo,

Shikamoo ya utani, maana umri wetu ni mmoja na sitaki uvimbe kichwa. Mimi mzima. Nyumba ya mtumishi niliyopewa nayo ni nzima, isipokuwa dirisha moja. Kituo chenyewe kiko nje ya mji, na wodi ya wazazi ni vitanda vinne na mimi. Mkunga mwenzangu yuko masomoni mpaka mwakani. Leo ni wiki ya tatu tangu wanihamishe. Kasulu kulikuwa na baridi, lakini kulikuwa na ninyi.

Usicheke: kitu cha kwanza kukitoa kwenye begi ni daftari la Mchezo. Nimekumbuka siku Saady alipofungua belo la mitumba dukani kwa baba yake, tukakuta mkoba wa shule, na ndani yake kile kitabu cha Kiingereza cha kanuni za mchezo na dadu ya pande ishirini. Ulivyong'ang'ana kukitafsiri! Na sura ya deraya, yaani mavazi ya vita, panya walikuwa wameshaila yote, ikabidi tutunge wenyewe. Nadhani ile sura tuliyoitunga sisi ndiyo bora kuliko kitabu kizima.

Basi tuendelee kama tulivyoahidiana. Mimi naandika mhusika wangu Niyibizi anafanya nini, wewe unarusha dadu mbele ya Saady na kuniandikia namba. Niyibizi, tabibu wa Daraja la Mawe, amebaki peke yake upande wa kaskazini. Wale maadui Wasiosema wameanza kuvuka. Anaomba kipande chake cha kwanza cha hiari, glovu za chuma. Amechoka kushika damu kwa mikono mitupu. Huku kwetu glovu zimekwisha tangu Jumatano, labda ndiyo maana nimezifikiria.

Usinipigie simu, mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya shule, na nikipanda pale wanafunzi wananicheka. Andika. Mpe kondakta wa basi la asubuhi.

Msalimie Saady.

Josephina

*

Kasulu,
Jumatatu, 17 Februari 2014

Sista Josephina, Malkia wa Vitanda Vinne,

Barua imefika ikinuka dagaa, kwa hiyo najua ilisafiri vizuri. Nimeisoma mara mbili ofisini, na Mkuu wa shule akadhani napokea posa.

Kabla ya glovu nikukumbushe sheria, maana nawajua ninyi watu wa Munanila, mnasahau pale mnapotaka. Koti la ngozi ni deraya ya msingi, kila mtu analo. Vipande vya hiari ni sita, na kila kimoja kinakupa kitu na kukunyang'anya kitu. Ngao inazuia mshale, lakini inakula mkono mmoja. Kinga ya shingo inazuia kisu, lakini huwezi kugeuka nyuma. Kofia ya chuma ndiyo kali kuliko vyote: pigo la kichwa halikuui, ila husikii. Nakunakilia Kanuni ya Tisa kama ilivyo kwenye daftari langu: "Aliyevaa kofia ya chuma asisemeshwe wala asiandikiwe, mpaka aivue mwenyewe na kutoa taarifa."

Sasa glovu. Kanuni ya Nne: sumu haimpati avaaye, lakini tabibu mwenye glovu za chuma hatibu mtu. Niyibizi asipotibu atafanya nini pale darajani, atauza nyanya? Nimekataa. Ukitaka, kata rufaa.

Dadu nimerusha juu ya kaunta ya Saady, mbele yake na mbele ya mzee mmoja aliyekuja kununua misumari. Kumi na nne. Wasiosema watatu wamerudi walikotoka. Saady anasema Tamimu wake ameua tisa kwa mkuki mmoja. Nimemwambia hata dadu imeona haya.

Kula. Ulikuwa mwembamba tayari.

Mwamuzi wako,
Lusajo

*

Kibondo,
Jumapili, 16 Machi 2014

Mwalimu,

Samahani kwa kuchelewa. Juma lililopita tulimpoteza mama mmoja wa hapa, mke wa Bazilio, baada ya kujifungua. Damu haikukata. Gari la kumpeleka mjini halikuwepo. Mtoto yupo, mzima, wa kike. Basi, ni kazi.

Tuzungumze Mchezo. Nakata rufaa. Naomba glovu za chuma, kinga ya shingo, mabamba ya mabega na kinga za miguu. Vyote vinne kwa pamoja. Unasema tabibu mwenye glovu hatibu mtu. Nami nakuuliza, kama alikuwa hana glovu, mikono mitupu, ameingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na bado mgonjwa amekufa, hiyo mikono mitupu ilimsaidia nani? Nijibu kwa namba ya kanuni.

Wasiosema wamekuwa wengi. Hawapigi kelele, ndicho Niyibizi anachowapendea. Kinachomsumbua ni mtu mmoja aliyesimama nje ya dirisha na kulia. Ulijua kwamba sauti ya mtu inaweza kubaki ndani ya nyumba? Inakaa kama moshi wa kuni.

Huku wanasalimiana "mwakeye" kutoka barabarani mpaka shambani, mtu na jembe lake. Nimegundua ukipita haraka hulazimiki kuitikia.

Simu imeingia maji, usihangaike nayo.

Josephina

*

Kasulu,
Jumatatu, 24 Machi 2014

Sista,

Rufaa yako imesomwa na mahakama nzima, yaani mimi na kikombe cha chai.

Hebu tupige hesabu. Koti kilo nne. Glovu mbili. Kinga ya shingo tano. Mabamba ya mabega kumi na moja. Kinga za miguu tisa. Jumla thelathini na moja! Kwa Kanuni ya Pili, ukifika kilo ishirini hukimbii, ukifika thelathini hutembei. Utasimama pale darajani kama tangi la maji la shule yetu, ambalo nalo halina maji. Na vipande vya hiari haviruhusiwi kuzidi vitatu. Nani anakukimbiza mpaka ujifungie ndani ya bati kiasi hicho?

Nimekuruhusu glovu na kinga ya shingo, na cha tatu nimekuongezea ngao bila kuombwa. Glovu nimekupa kwa shingo upande, maana swali lako lilinishinda. Hakuna kanuni inayolijibu.

Pole sana kwa yule mama. Kazi zenu nzito. Mimi nikikosea, mtu anapata sifuri na kurudia mtihani.

Dadu: kumi na saba! Safari hii nilirusha nyumbani peke yangu, Saady alikuwa na wateja. Kumi na saba, Sista. Niyibizi amesimama imara na kaskazini yote ni yake. Wewe ni mtu wa bahati, sema tu hujui.

Mwamuzi wako,
Lusajo

*

Kibondo,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2014

Mwalimu Lusajo,

Pasaka njema. Sikwenda kanisani, nilikuwa zamu, ingawa wodi imekuwa kimya. Wiki ya tatu sasa hajaja mzazi hata mmoja. Wanapita njia ya juu kwenda kujifungulia kwingine, au wanabaki nyumbani. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kupumzika. Imekuja pia barua kutoka mjini, wananitaka nijieleze kuhusu yule mama. Ni utaratibu tu.

Nina swali la deraya na sikumbuki kama tuliliandika. Mtu akifa na vipande vyake vya hiari mwilini, vinakwenda kwa nani? Ningependa ngao aichukue Saady, Tamimu wake hana. Kinga ya shingo apewe mtu atakayekuja darajani baada ya Niyibizi. Glovu zisipewe mtu. Zizikwe.

Nijibu hilo kwanza, mengine hayana haraka.

Josephina

*

Kasulu,
Jumatatu, 28 Aprili 2014

Sista Josephina,

Tuliliandika! Kanuni ya Kumi na Nne, na ni wewe uliyeidai, baada ya Saady kunyang'anya upinde wa maiti. "Mrithi wa kipande aandikwe kwa jina. Kipande kisicho na mrithi kinatumbukia mtoni." Kuzika hakupo, lakini kwa heshima yako nimeongeza kifungu cha kuzika.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nimekuchorea fomu kabisa. Nimepiga mistari kwa rula. Jina la kipande, jina la mrithi, sahihi. Ijaze na uirudishe, kopi moja nitaibandika kwenye daftari kuu. Wafalme wenyewe hawana wosia safi namna hii.

Ila huhitaji. Dadu imesema kumi na tisa. Kumi na tisa! Hakuna anayekufa na namba kama hizi, kwa hiyo acha kunitisha.

U mzima lakini? Mwandiko wako umelegea, herufi zinalala. Labda ni kalamu. Nakutumia kalamu mbili za bluu.

Lusajo

*

Kibondo,
Jumapili, 4 Mei 2014

Lusajo,

Fomu nimejaza, iko ndani. Ngao ni ya Saady kuanzia leo. Kinga ya shingo ni ya Adija. Kalamu ni nzuri, asante.

Niyibizi amevaa kofia ya chuma.

Josephina

*

Kibondo,
Jumapili, 1 Juni 2014

Lusajo,

Barua hii siitumi. Aliyevaa kofia hasemi na mtu wa mbali. Naandika ili mkono ufanye kitu, na ikijaa naiweka ndani ya daftari.

Leo ni wiki ya nne. Kila asubuhi nasoma Kanuni ya Tisa, ile tuliyoirekebisha: "Ukanda wa kofia ya chuma hufungwa kisogoni. Aliyeivaa hawezi kuivua mwenyewe. Mwenzake amfuate, asimame hatua moja kutoka kwake, aivue." Ni mimi niliyetaka iwe hivyo. Niliona haifai mtu akae ndani ya chuma, hasikii, halafu tumtegemee yeye atoe taarifa.

Nilipokuandikia nilijua utaelewa, wewe unayezijua kanuni zote kwa namba. Sikuweza kuandika maneno mengine. Nikahesabu: barua siku mbili, kuomba ruhusa kwa Mkuu siku moja, basi siku moja. Nikafagia nyumba. Nikamwomba Adija wa jirani aninunulie samaki, mgebuka, maana unaupenda. Mgebuka ukaharibika. Juma la pili nikasema ana mitihani. La tatu nikasema labda ameoa. Juma hili sikusema kitu.

Watu hawanisalimii, Lusajo. Nilikuandikia kwamba mimi ndiye napita haraka. Si kweli, ni wao. Wanasema mikono yangu ina mkosi, na mimi nikiitazama naona wana haki. Bazilio mwenyewe hasemi kitu. Nilimwona akipita na mbuzi wake, mtoto kamfunga mgongoni kwa kitenge kama mwanamke, na hakunitazama kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angenitukana. Kile kilio chake cha siku ile bado kimo humu ndani. Nimejifunga kitenge kichwani, nimekaza masikioni, fundo nyuma. Hakisaidii ila sikifungui.

Sitaki kuendelea kuwepo. Nimeliandika. Kwa mdomo sijamwambia mtu.

J.

*

Kibondo, hapa kwa sista,
Alhamisi, 12 Juni 2014

Mwalimu Lusajo,

Salaam hakuna. Nimekupigia mara nane, najua simu umeifungia kabatini kama kawaida yako ukisimamia mitihani. Nampa kondakta karatasi hii, nimemwambia akukabidhi mkononi hata kama uko ndani ya chumba cha mtihani.

Nilikuwa napeleka mabati na sabuni Kakonko, Fuso ikapita hapa, nikasema nimsalimie sista. Mwalimu, sikumjua. Wallahi sikumjua. Amelala kwenye mkeka amejifunga kitenge kichwani mpaka masikio, hajaenda kazini wiki tatu. Huyu mama Adija, mtu wa Ujiji ana duka hapa jirani, ndiye anamletea uji, na sista anamwaga nyuma ya nyumba akidhani haonekani. Tena vitu vyake anavigawa. Adija amepewa chupa ya chai na viatu vya kazi. Anasema alivipokea kumridhisha tu, amevificha chini ya kitanda. Jana sista amemwambia wazi kwamba amechoka na dunia. Adija toka hapo hamwachi hata dakika moja.

Sasa sikia. Nilikaa naye. Halafu akaniuliza, "Mbona Lusajo hakuja kunivua kofia?" Nikadhani homa imempanda. Akanionyesha daftari. Kanuni ya Tisa. Ndipo nikakumbuka.

Ile ilikuwa Jumamosi ya Desemba. Wewe ulikuwa umekwenda kusahihisha mitihani. Mimi na sista tulikaa dukani tukairekebisha, tukapiga kura mbili kwa bila, nikaandika kwenye daftari langu na yeye kwenye lake. Lako lilikuwa kwako, umelifungia. Tulisema ukirudi tutakuambia. Januari sista akahamishwa, ikawa pilikapilika za mizigo, ikasahaulika. Mimi Saady nimeisahau. Na mwezi jana nilipokuuliza mbona humwandikii, ukaniambia "amevaa kofia, asisemeshwe," nikacheka nikasema mwalimu ana msimamo! Nikacheka, Lusajo.

Yeye alikuwa anakungoja wewe. Wewe ulikuwa unamngoja yeye.

Nimemweleza. Sijui kama amesikia. Mzigo wa watu umo kwenye gari, lazima nifike Kakonko, Jumapili nitakuwa hapa. Wewe usingoje Jumapili.

Saady

*

Makere, kando ya barabara,
Jumamosi, 14 Juni 2014

Josephina,

Karatasi ya Saady nimeipata jana jioni. Basi la leo asubuhi limevunja springi hapa Makere, na utingo anasema litapona baada ya saa mbili, na hata saa nne zilizopita alisema hivyo hivyo. Nimesimamisha kila kitu chenye magurudumu. Imepita pikipiki ya katekista anayekwenda kwenu, amempakia mkewe na gunia la maharage, hakuna pa kukaa hata paka. Kilichopata nafasi ni bahasha. Kwa hiyo naandika nikiwa nimeegemea tairi, na katekista amenisimamia akiniambia fanya haraka mwalimu.

Sikujua. Naapa kwa Mungu sikujua. Daftari langu linasema uivue mwenyewe. Ulipoandika umevaa kofia, nilikasirika, nikadhani umechoka nami na umetafuta kanuni ya kunifungia mlango kwa adabu. Nikasema vizuri, mimi ndiye mwamuzi, sitakuwa wa kwanza kuvunja sheria. Wiki sita! Kila Jumapili nilikaa mezani na karatasi mbele yangu, nikaikunja. Nilisoma jina la Adija kwenye ile fomu, nikajiuliza ni mhusika gani mpya huyo. Ile fomu. Nilipiga mistari kwa rula, Josephina. Uliniambia mama amekufa mikononi mwako, nami nikakuletea mfano wa sifuri.

Kuna jambo jingine lazima ulijue sasa, maana sijui katekista atafika lini na mimi nitafika lini. Namba si za kweli. Kumi na nne ya Februari ilikuwa kweli, Saady aliiona. Machi ilitoka mbili. Kwa mbili Niyibizi alikuwa amekufa pale pale darajani, na mimi nikaandika kumi na saba. Aprili ilitoka moja, nikaandika kumi na tisa. Sikuweza. Nilivunja sheria zote za dadu ili mtu wa kwenye karatasi asife, halafu nikashika sheria moja ya kofia mpaka mwisho, nikakuacha wewe mwenyewe humo ndani. Mimi mwalimu wa hesabu!

Sasa nakusihi. Usifanye lolote. Kaa na Adija, usitoke karibu yake, kunywa uji wake hata kama umepoa. Nikasirikie, nitukane, nifungie mlango nikifika, yote sawa, bora uwepo wa kunifungia. Hujamwua mtu. Ulikuwa peke yako, huna glovu, huna gari, na ulikaa na yule mama mpaka mwisho. Nilipaswa kukuandikia hivyo tarehe ishirini na nne Machi.

Basi lisipopona nitatembea mpaka Busunzu, na kutoka Busunzu nitatembea tena. Nakuja kusimama hatua moja.

Katekista amewasha.

Lusajo

*

Kibondo,
Jumapili, 3 Agosti 2014

Lusajo,

Hii ni barua yangu ya kwanza tangu urudi Kasulu, na nimeichana mara tatu, kwa hiyo isome taratibu.

Bahasha yako ya Makere ilinifikia wewe ukiwa umelala sebuleni kwangu, Jumapili ile, baada ya ibada. Katekista alikuwa ameisahau kwenye gunia la maharage. Nilikusoma ukikoroma. Kama ungeitegemea ile bahasha tu, sijui. Nasema sijui kwa sababu nimeahidi kutokudanganya tena kwenye barua.

Sijakueleza ilivyokuwa ulipofika, kwa kuwa ulikuwepo na ulidhani umeona. Uliingia umejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, Adija akakupisha mlangoni. Nilikuwa nakutazama mdomo unavyokwenda, na sikusikia hata neno moja. Ukaja, ukapiga magoti nyuma yangu, na mikono yako ikawa inahangaika na fundo. Nilikuwa nimelikaza vibaya, ukatumia meno. Kitenge kilipoanguka, nilichokisikia kwanza ni wewe unavuta kamasi kama mtoto. Cha pili kilikuwa kile kilio cha Bazilio. Hukukiondoa, Lusajo. Kilikuwepo vilevile. Ila nilikwambia, "Kinasikika hapo dirishani," na wewe hukusema hakuna kitu. Ulisogea ukakaa pale chini ya dirisha, ukaniambia nikueleze kinasemaje, nami nikakueleza mpaka jua likazama.

Nimerudi kazini nusu siku. Daktari wa mjini uliyenipeleka kwake anataka kuniona kila wiki mbili, nakwenda, Adija ananisindikiza na kuniongelesha njia nzima mpaka nachoka. Kuna siku bado najifunga kile kitenge. Juma lililopita mara moja. Kujieleza kumesogezwa mpaka Septemba, na umesema utakuja kukaa karibu yangu. Nimeandika hapa ili iwe ushahidi.

Jumanne Bazilio alimleta binti yake kwa chanjo iliyochelewa. Alisimama mlangoni muda, nikadhani ataondoka. Akasema, "Mwakeye, sista." Mtoto alikuwa ameshika kidole cha baba yake na kukinyonya. Nikaitikia. Nikampima, kilo sita na nusu, nikamchoma sindano, akalia kwa nguvu, na baba yake akacheka kidogo. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Alhamisi wakaja wazazi wawili. Glovu zimeletwa, boksi mbili.

Daftari lako uliloliacha kwangu nalirudisha na barua hii. Nimekunakilia Kanuni ya Tisa kwa mkono wangu, juu ya ile ya zamani, ili isije ikasomwa tena vinginevyo. Ile uliyoninakilia Februari niliipita haraka nikidhani nazijua zote, sikuona tofauti. Ukanda hufungwa kisogoni. Mwenzake amfuate. Chini yake nimeongeza kifungu kimoja bila kura, na Saady akipinga mwambie aje anipinge mimi: asiyejua kama mwenzake amevaa kofia au hakuvaa, na aende tu.

Sasa kuhusu Niyibizi. Kwa mbili alikufa Machi, na kwa moja alikufa tena Aprili. Nimelifikiria sana. Ulimdanganyia, na ninashukuru, lakini mtu hawezi kuishi kwa namba za kuazima. Ngao ibaki kwa Saady. Kinga ya shingo Adija ameitundika jikoni, maana nilimchorea, hajui ni ya nini.

Namwanzisha upya. Niyibizi yuko darajani upande wa kaskazini. Mbele yake kuna mtu amelala, anatoka damu. Anavua glovu za chuma, anaziweka chini.

Rusha dadu mbele ya Saady, uniandikie namba itakayotoka.

Josephina